Viatu vya Mvua

Mama mmoja amesimama mlangoni mwa darasa. Nje mvua yamwagika. Ameleta viatu vya mvua vya mwanawe, asije akarudi nyumbani miguu imerowa. Mwalimu anamtazama mama huyo, mweusi, mnene, uso wote upole. Kisha anawatazama watoto waliokaa mbele yake, wote weupe. Anamwambia huenda amekosea darasa, maana humu hamna mtoto mweusi. Lakini macho ya mama yameshamwona mwanawe. Yule pale, msichana mdogo mwenye ngozi kama ya wenzake, amejificha uso nyuma ya kitabu.

Hapo mjukuu wangu wa pili alinyosha mkono akaisimamisha filamu.

"Bibi, huyu mtoto ana laana," akasema. "Mwacha asili ni mtumwa!"

Tulikuwa ukumbini, ndani ya nyumba yetu hapa Amu, yaani Lamu. Masika yalikuwa yametufungia ndani tangu alasiri, na shangazi yao, anayesomea mambo ya filamu Nairobi, alikuwa ametuwekea sinema ya zamani isiyo na rangi kwenye kompyuta yake. Wajukuu walikuwa wanne, na bakuli la bajia lilikuwa limeshakwisha.

"Methali umeijua," nikamwambia. "Lakini usimlaani mtu kabla hujajua anakimbia nini. Nipisheni nikae vizuri."

Filamu hiyo inaitwa Imitation of Life, yaani kuyaiga maisha. Iliongozwa na John M. Stahl huko Marekani, ikatoka mwaka 1934. Mama wa viatu anaitwa Delilah, na aliyeigiza ni Louise Beavers. Delilah ni mtumishi wa mjane wa kizungu. Ana mapishi yake ya chapati za maji yasiyo na mfano, na bibi mwenye nyumba anayageuza biashara mpaka anakuwa tajiri. Delilah anapewa fungu la 20 katika kila 100. Huko mbele mtaona usiku umeingia, wanawake wawili wanaagana kwenye ngazi. Mmoja anapanda kwenda kulala. Mwengine anashuka. Nyumba ni moja, na anayeshuka ndiye mwenye mapishi.

Mwanawe ni Peola. Amezaliwa mweupe, na akinyamaza hakuna amjuaye. Anayaona yaliyo juu ya ngazi na yaliyo chini, na anajua ni neno moja tu, "mama", litakalomteremsha.

"Lakini kama ni mweupe," akauliza kitindamimba wetu, "nani amesema ni mweusi?"

Hilo ndilo swali. Nikawahadithia habari za fundi viatu mmoja wa mji wa New Orleans, jina lake Homer Plessy. Kila mmoja wetu ana babu wawili na bibi wawili, na hao nao wana wazazi wanane. Kwa Plessy, saba kati ya wanane hao walikuwa wazungu. Mwaka 1892 alikata tikiti ya treni, akaketi katika behewa la wazungu, na akasema wazi kuwa ana damu ya Kiafrika. Akakamatwa. Alikuwa amekusudia hivyo: yeye na wenzake walitaka sheria ya kuwatenga watu ifikishwe mahakamani. Mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ikaamua kuwa kutenga si kosa, maadamu kila upande umepewa mahali pake. Uamuzi huo ulisimama zaidi ya miaka 50. Na katika majimbo mengi damu ilihesabiwa kama wino: tone moja la mweusi, na mtu mzima ni mweusi.

"Na tone moja la mweupe je?" akauliza kitindamimba.

"Hilo halikuhesabiwa."

"Basi hesabu yao mbovu."

Mbovu, lakini ilikuwa na polisi nyuma yake. Sasa tazameni ujinga wake. Kwa macho matupu hakuna ambaye angemtoa Plessy katika behewa lile. Sheria haikuona kitu mpaka ilipoambiwa. Na kama sheria haioni mpaka iambiwe, mtu mwenye njaa ya kazi, ya skuli nzuri, ya kiti cha mbele, kwa nini aseme? Maelfu wakanyamaza. Wamarekani wana neno lao kwa jambo hilo, nalo maana yake ni kupita, kama mtu anavyopita forodhani bila kufunguliwa mzigo.

Kiroja ni kwamba sinema zilizosimulia mambo haya zilikuwa na forodha yao wenyewe.

Peola akishakuwa mkubwa anaigizwa na Fredi Washington, mzaliwa wa Savannah. Huyu dada alikuwa mweupe kiasi cha kuweza kupita siku yoyote atakayo. Hakutaka. Alijitaja kuwa mweusi mbele ya kila aliyemuuliza, na mwaka 1937 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha kutetea waigizaji weusi. Mwaka mmoja kabla ya Peola aliigiza na Paul Robeson katika The Emperor Jones, na wakubwa wakaingiwa na hofu: watazamaji watadhani Robeson amemkumbatia mzungu! Wakampaka rangi kumzidishia weusi. Mtu mweusi alipakwa weusi ili aaminike kuwa mweusi.

Wajukuu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa.

Hofu hiyo iliandikwa. Wenye kampuni za filamu walijiwekea kanuni mwaka 1930, na kuanzia 1934 zikashikiliwa kwa mkono wa chuma. Moja yake ilikataza kuonyesha mapenzi kati ya mweusi na mweupe, nayo ilikaa hadi 1956. Mtaona ilivyozaa mambo. Filamu inataka msichana mweusi anayejifanya mzungu, tena apendwe na kijana wa kizungu. Akiigiza mweusi wa kweli, kanuni imevunjwa. Basi wakamtafuta mzungu ajifanye mweusi anayejifanya mzungu! Katika Pinky ya mwaka 1949 alikuwa Jeanne Crain. Katika Show Boat ya 1951 kulikuwa na nafasi ya mwimbaji mwenye damu ya pande mbili, na Lena Horne, mweusi mwenye sauti na sura ya kuijaza nafasi ile, akakosa. Akapewa Ava Gardner. Lena mwenyewe alisimulia kwamba kampuni ilikuwa na poda iliyotengenezwa kwa ajili yake, ikaitwa Mmisri Mweupe, kisha poda hiyo hiyo ikatumiwa kuwapaka waigizaji wa kizungu waliopewa nafasi ambazo yeye alinyimwa.

Na huyo Ava Gardner, mwishoni mwa mwaka 1952, alikuja kwetu Kenya kuigiza Mogambo, filamu ya John Ford iliyotoka 1953. Watu wa ng'ambo wakaambiwa mogambo ni Kiswahili, maana yake shauku ya mapenzi.

Mjukuu wangu mkubwa akashika simu. Akatafuta huku na huku.

"Hakuna neno kama hilo, Bibi."

"Hakuna."

"Basi na neno nalo limepita," akasema.

Wako pia waliopita nje ya filamu, maisha yao yote. Merle Oberon alikuwa nyota mkubwa. Aliteuliwa kuwania Oscar kwa filamu yake ya mwaka 1935, na alisema amezaliwa Tasmania, kisiwa cha mbali kusini mwa Australia. Alikuwa amezaliwa Bombay mwaka 1911, hapa hapa upande wa pili wa bahari yetu, na damu ya Asia ya Kusini imo ndani yake. Tasmania ilichaguliwa kwa kuwa ni mbali. Nani atakwenda kuuliza? Hata mwaka 1978, mwaka mmoja kabla ya kufa, watu wa kisiwa kile walimwandalia mapokezi kama binti yao aliyerudi nyumbani. Na mwanamke aliyemlea, aliyemwita mama, mweusi kuliko yeye, husimuliwa kwamba wageni walipobisha hodi nyumbani kwao London alitambulishwa kuwa ni mtumishi.

Shikeni hapo. Kile kisa cha Delilah na Peola kilirudiwa mwaka 1959 na Douglas Sirk, filamu ya rangi safari hii, kwa majina mengine. Mama ameigizwa na Juanita Moore. Msichana ni Susan Kohner, ambaye mama yake alikuwa Mmeksiko na baba yake Myahudi wa Ulaya. Mama anasafiri mbali kumtafuta mwanawe aliyemkimbia. Anamkuta katika chumba cha hoteli. Mara rafiki wa kizungu anaingia, na mama anaelewa yote kwa mara moja. Anamwambia rafiki kuwa zamani alikuwa yaya wa msichana huyu, kisha anaondoka. Uongo ni wa mwana. Lakini mama ndiye anayeuigiza, na anauigiza vizuri kuliko mwana, kwa sababu anampenda.

Ukumbini pakawa kimya. Mvua ilikuwa imepungua, maji yakitiririka katika mlizamu.

"Wamarekani wabaya," akasema yule wa pili. Alikuwa bado anatafuta mtu wa kulaani.

Nikamwambia atazame ukuta nyuma yake, vidaka vilivyochongwa kwa chokaa, mawe ya matumbawe mazito kama ng'ombe. Nyumba kama hizi za Mkomani zilikuwa za waungwana, na jasho la watumwa lilikuwa ndani ya kuta zake. Zamani bibi wa kiungwana wa Amu akitoka alitembea ndani ya shiraa, hema la nguo lililoshikwa na wajakazi wake, asionekane hata kisigino. Wajakazi walioshika walitembea uso wazi. Hapakuwa na haja ya kumuuliza mtu wewe ni nani. Nguo ilikuwa imeshajibu.

Mwaka 1907 utumwa ukapigwa marufuku katika pwani hii. Nani sasa atashika shiraa? Likaingia buibui. Na buibui halina mbebaji. Kila mwanamke alijifunika mwenyewe, aliyekuwa bibi na aliyekuwa mjakazi, wote weusi ti, wakapishana katika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na asijulikane yupi ni yupi. Wako waliokereka sana na jambo hilo. Mimi, kila nivaapo langu, huwa namfikiria mjakazi wa kwanza aliyelivaa, alivyotembea siku ile akiitikia salamu.

Kisha Mwingereza naye akaleta daftari. Ndani ya daftari mlikuwa na mlango wa mzungu, mlango wa Mhindi na Mwarabu, na mlango wa mwenyeji. Kila mlango na kodi yake, skuli yake na heshima yake. Aliyeandikwa mwenyeji ndiye aliyebebeshwa kipande, cheti cha kumtambulisha, shingoni. Mswahili, ambaye mababu zake walichanganyika na bahari nzima kwa karne nyingi, akahesabiwa mwenyeji. Mwarabu hakuhesabiwa hivyo, hata wakiwa wanalala nyumba moja na kula sinia moja. Huko Unguja, wakati wa Vita Kuu ya Pili, hata chakula cha mgao kilitazama daftari: mchele kwa Mwarabu na Mhindi, unga wa mahindi kwa Mwafrika.

"Ningejiandika Mwarabu," akasema kitindamimba bila kufikiri. Mtoto huyu anapenda wali.

"Na wengi walifanya hivyo. Watu walianza kutafuta babu. Huyu akapata babu wa Yemeni, yule wa Omani, yule wa Shirazi. Wengine walikuwa nao kweli, wengine waliwaazima. Unguja, kati ya sensa ya 1924 na ya 1931, idadi ya waliokubali kuandikwa Waswahili ilianguka vibaya. Hawakufa wala hawakuhama. Walibadili mlango."

Nikamgeukia yule wa pili. "Ile methali yako. Mwacha asili ni mtumwa. Umepata kufikiri aliyekuwa mtumwa hasa aliisikia vipi? Yeye hakuacha asili. Alinyang'anywa, akapewa jina la siku, Juma au Khamisi, kisha watoto wa waliomnyang'anya wakamsomea methali."

Akainamisha kichwa. Sikutaka kumwacha hapo, kwa hiyo nikamkumbusha mtu anayemjua. Habib Swaleh alikuja Amu kutoka Ngazija, karne ya 19 ikielekea ukingoni. Alikuwa sharifu, wa kizazi cha Mtume. Mlango wa waungwana ulikuwa wazi kwake. Yeye akaenda kukaa Langoni, upande wa wanyonge, akawafundisha dini wale ambao wakubwa wa mui waliona hawastahili kufundishwa: waliokuwa watumwa, watoto wao, wageni wasio na ukoo wa kutaja. Akawaachia wapige matari wakimsifu Mtume. Walimnung'unikia sana. Lakini msikiti wa Riyadha ukasimama huko huko Langoni, na leo maulidi yake yanajaza mui mzima. Mwanafunzi wake hakulazimika kuazima babu ili aingie darasani. Mkiwa mnatafuta wa kulaani, tafuteni na waliofungua milango.

"Bibi," akasema mkubwa, "wewe ungekuwa yule mtoto, ungeinua mkono?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mvua ilikuwa imekwisha kabisa, na sauti ya uongo husikika sana pakiwa kimya.

"Mimi nilikuwa yule mtoto," nikasema.

Mnajua sikuzaliwa Amu. Nilizaliwa Faza, kisiwa cha Pate, nikaletwa hapa kwa jamaa nipate kusoma. Siku ya kwanza nilisema "mchu" badala ya "mtu", kama tusemavyo sisi Watikuu, na darasa zima likaanguka kwa kicheko. Jioni nilijifungia nikawa nasema mtu, mtu, mtu, mpaka taya zikaniuma. Baada ya miezi michache hakuna aliyenijua. Wasichana waliponiuliza kwetu wapi, nilisema Mkomani. Hapakuwa na sheria iliyonilazimisha, wala polisi, wala kipande. Kicheko kile tu kilitosha.

Siku moja ya masika bibi yangu alikuja. Alipanda mashua Faza alfajiri, wakangoja maji yajae ndipo wapite Mkanda, na mvua ikawapiga safari nzima. Kutoka gatini alikuja skuli moja kwa moja, buibui limerowa chapa, na pakacha mkononi. Ndani mlikuwa na mikate ya mofa, na juu yake ng'onda waliofungwa kwa jani. Harufu ya ng'onda ilifika kabla yake. Akasimama mlangoni. Akaniona. Wasichana wakaziba pua, na mwalimu akauliza, "Mama huyu amemfuata nani?"

Niliinama nikaandika. Nakumbuka mpaka leo nilichoandika: tarehe. Niliandika tarehe mara tatu, moja chini ya nyingine.

Bibi yangu alilitazama darasa lote, safu kwa safu, na macho yake yakanipita kama anavyopita mtu ukuta. Kisha akamwambia mwalimu, "Niwie radhi, mwalimu. Mimi nauza mikate tu." Akalifunua pakacha. Mwalimu akanunua mmoja kwa thumuni.

"Na wewe?" akauliza kitindamimba kwa sauti ndogo.

"Nilimaliza kuandika."

"Hukumfuata?"

Nilimfuata skuli ilipofungwa, mbio, mpaka gatini. Nilimkuta ameketi juu ya gunia anangoja maji, pakacha mapajani, mikate iliyobaki imelowa. Nikaketi kando yake. Hakuniuliza kitu, na mimi sikuwa na la kusema, maana kila neno lilikuwa na lugha mbili mdomoni mwangu na sikujua nitumie ipi. Nahodha alipoita, akanishika mkono, akanitia kitu kiganjani, akanikunja vidole. Ilikuwa ile thumuni ya mwalimu.

"Chukua," akasema. "Mkate ulikuwa wako."

Wajukuu walinitazama kana kwamba nimevua buibui mbele yao. Yule wa pili hakutaja tena laana. Alikaa kidogo, kisha akanyosha mkono akaiendesha filamu. Kwenye kioo yule mama bado alikuwa mlangoni, viatu vya mvua mkononi.

"Tuone," akasema, "kama na huyu atamwahi mama yake gatini."

Mwisho wa filamu ile naujua. Sikumwambia.